Koti la vuli 2025, nifuate wabunifu au niachane nao? Naomba maoni yenu

binti_pangani:
Wanajamvi habari za saa hizi. Niko Leeds huku Uingereza, baridi ndo imeanza kubisha hodi, nataka koti moja tu la maana la kuvaa kazini mpaka mwezi wa tatu, sio matatu ya bei chee yanayochakaa kabla ya Krismasi. Kabla sijatoa hela nimekaa nikaangalia kolekshen za vuli 2025, zile walizoonesha mwezi wa pili na wa tatu Milan na Paris, maana ndo zinazoingia madukani saa hizi na maduka ya kawaida yanazikopi kama zilivyo.

Iliyonigusa kuliko zote ni ya Givenchy, kampuni ya mitindo ya Paris, kolekshen ya kwanza ya mbunifu Sarah Burton pale (ndo yule aliyebuni gauni la harusi la Kate, mke wa Prince William, 2011 akiwa kampuni ya McQueen). Alianzia kwenye patani za karatasi (zile za kukatia nguo) za mwaka 1952 za mwanzilishi Hubert de Givenchy mwenyewe, zilikutwa zimefichwa ukutani kwenye jumba lake la kwanza la mitindo, na ukiangalia unaona kabisa, ni mkato tu unaongea, hamna mbwembwe. Kiuno kimebana, nyonga zinafunguka, mgongo umekaa utasema umechongwa. Nimeyapenda yale makoti jamani. Ila mimi ni mtu wa hijabu na baibui, sasa kiuno kile juu ya baibui kitakaaje?

Saint Laurent mabega mapana mno na rangi kali. Prada magauni yamekunjamana kama hayajaona pasi, hapo sikuelewa kabisa. Halafu swedi (ile ngozi laini yenye vinyoya) ya kahawia iko kila dirisha la duka huku, inanivutia kweli. Bajeti pauni 200. Nisaidieni.

Fundi_Keko:
Dada salama. Ntaongea ya kifundi. Koti la kiuno kama lile linakaa vile kwa sababu ya vitu usivyoviona, kifuani kuna kanvasi imeshonwa kwa mkono, ndo inayoshika umbo. Hizo kopi za pauni 100 wanabandika gamstifu (kitambaa kigumu chenye gundi) kwa pasi basi, likinyeshewa mara kadhaa kifua kinafanya mapovu mapovu na hapo hakuna pasi itakayoliokoa. Ukiwa dukani fanya hivi, shika upande wa mbele chini ya kifungo, vuta kitambaa cha nje na cha ndani kwa vidole viwili viwili, ukihisi kuna tabaka katikati linacheza lenyewe hiyo ni kanvasi, ukihisi kila kitu kimegandana achana nalo.

Kwa baibui mimi ningekwambia uachane na kiuno cha kushonwa, chukua koti lililonyooka lenye mkanda, siku ya suruali unakaza, siku ya baibui unaachia. Na mkono uwe ule unaoanzia shingoni, usio na mshono begani, ndo unaokupa nafasi ya nguo za ndani. Kola iwe ndogo ilale, kola kubwa itagombana na hijabu siku nzima.

camera_gikomba:
Sasa dada. Mimi nauza makoti ya mitumba soko la Gikomba, Nairobi, na nitakuambia ukweli, hao madizaina tuwaache na majukwaa yao. Nikifungua belo naona mwisho wa hizo fashion zote, koti ya poliesta ya juzi tu inafika ikiwa na vidonge vidonge kwa mikono, na ingine ya miaka ya themanini, sufu tupu, bitana bado inateleza, hiyo ndio camera, yaani daraja la kwanza, inaenda asubuhi kabla sijapanga meza. Soma lebo ya ndani kwanza, sufu ikiwa chini ya asilimia 70 rudisha. Na huko kwenu si kuko na hayo maduka ya hisani yanayouza mitumba? Pauni 200 hutamaliza.

mama_pacha_toronto:
@camera_gikomba kuhusu lebo uko sahihi lakini kuwatupa wabunifu wote hapana. Hata hayo makoti ya miaka ya themanini mabega yake yalitoka kwenye majukwaa ya wabunifu. Na Prada mimi niliwaelewa, wabunifu wao Miuccia Prada na Raf Simons walikuwa wanauliza mwanamke kupendeza ni nini hasa, lazima abanwe na kunyooshwa? Magauni yale mtu amevaa kwa raha zake. Wewe binti wa baibui ungekuwa wa kwanza kuwaelewa.

Mimi ningekupeleka kwa Dries Van Noten, kampuni ya mitindo ya Ubelgiji, kolekshen ile ya kwanza ya mbunifu wao Julian Klausner ya nguo za kike pale Palais Garnier, jumba la opera la Paris, vitambaa vizito vyenye nakshi na vishada kama vya mapazia ya jumba la opera, heshima tupu. Sikwambii ununue, bei zake ni kilio. Chukua wazo: koti la rangi moja, halafu shali moja nzito ya nakshi juu yake. Shali unaibadilisha, koti linabaki lilelile.

Na swedi kwa mvua ya Leeds USIJARIBU. Tone likikauka linaacha alama, na mvua ya huko haina siku.

binti_pangani:
Asanteni sana wapendwa. Swedi nimeiacha. @mama_pacha_toronto hiyo ya Prada imenifanya nikaangalie tena video, na kweli zile nguo zina nafasi ndani yake, nimeziona kwa jicho lingine. Mabega ya Saint Laurent ndo bado yananishinda.

Swali la mwisho kwa @Fundi_Keko, nikinunua kitambaa mwenyewe pale soko la Kirkgate nikamtafuta fundi wa hukuhuku, nichukue mita ngapi na uzito gani? Rangi nishachagua, damu ya mzee.

Fundi_Keko:
Koti refu la kuvuka magoti, kitambaa cha upana wa sentimita 150, chukua mita 3, na kama wewe mrefu ongeza nusu. Uzito gramu 500 kwa mita au zaidi, chini ya hapo upepo unapita. Bitana usichukue poliesta, omba viskosi (kitambaa laini cha nyuzi za mti), inapumua na baibui haling'ang'anii. Na kabla hakijakatwa kipigwe pasi ya mvuke chote, sufu ikisinyaa iwe mezani kwa fundi, isije ikasinyaa mwilini kwako.