Dosye ya mama imerudishwa tena: ADN au supletifu?

Mtoto wa Kadutu, Liège

Jambo wandugu wote,

Jana jibu la viza C ya mama, ile ya kuja kunitembelea Ubelgiji muda mfupi, limefika. Wamekataa, mara ya pili. Annexe 3bis, ile karatasi ya prise en charge ya kuahidi nitamgharamia, ilipita vizuri komini (ofisi ya mji), fishi zangu za mshahara ziko sawa, bima ya euro 30,000 nimelipa. Safari hii wanasema haijathibitishwa kwamba yeye ni mama yangu. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa wameandika mama alizaliwa 1952, kwenye paspoti yake ni 1954. Naomba kujua kitu kimoja tu: nifanyishe supletifu mpya (hukumu ya mahakama badala ya cheti cha kuzaliwa) kule nyumbani, ao nijitolee kipimo cha ADN (DNA) mbele hawajaniomba? Nani ameshapita njia hii?

Mnivumilie, sikulala. Mwaka wake mama mwenyewe haujui. Bibi alimwambia alizaliwa maharagwe yakivunwa, basi. Siku alipotafuta kitambulisho, karani alimwangalia usoni akaandika alichoona. Leo mtu aliyekaa nyuma ya kompyuta ananiuliza kama huyu ni mama yangu kweli.

Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, miaka yote tuliyosoma. Alfajiri mitumbwi ikirudi na taa zake alikuwa ameshafika ziwani, beseni mkononi, halafu anapanda nalo kichwani mpaka Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu. Mnaijua ile milima. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unakurudisha hatua mbili kila ukipiga moja. Tulikuwa watoto saba na kila mmoja alikuwa na prime yake ya walimu, pesa wazazi wanayotoa kuwaongezea walimu mshahara. Shule ikitufukuza hakutugombeza. Aliuliza tu, "Leo wamefukuza wangapi?" Anafunga kikwembe upya, anakwenda kwa wamama wenzake wa likelemba, wanaochangiana pesa kwa zamu, kuomba zamu yake isogezwe mbele. Kesho yake tunarudi darasani, na yeye wiki hiyo hali samaki, anasema harufu imemchosha. Nilikuwa na miaka karibu thelathini nilipoelewa haikuwa harufu.

Juni 2004, mji ulipoingiliwa na waasi, sisi tulilala chini ya kitanda na yeye alikaa chini akiegemea mlango. Kila nikifumbua macho niliona mgongo wake. Sijui huo nao nitauweka kwenye annexe gani.

Baba Mapacha, Bruxelles

Mdogo wangu, pole sana. Supletifu usiharakishe. Kwa hali ya Bukavu tangu waasi wa M23 waingie Februari 2025, saini ya nani utaipeleka kwa hawa watu, na legalizasyo (muhuri wa kuthibitisha karatasi) utaipata wapi? Mwaka 2019 mama yangu walimkataa kwa sababu nyingine kabisa, eti hakuonyesha kwamba atarudi. Mwanamke mwenye shamba la mihogo, wajukuu kumi na wawili na kaburi la mumewe pembeni ya nyumba! Tulipeleka hati ya kiwanja, barua ya paroko, picha za wajukuu. Ilichukua miezi minane. Ningekuwa wewe ningempitisha Kigali, ni karibu.

Dada wa Himbi, Namur

Yaya (kaka yangu mkubwa), kwa heshima, usimpoteze mwenzetu. Kigali gani? Rwanda ilikata uhusiano na Ubelgiji tarehe 17 Machi 2025 na wanadiplomasia wakapewa saa 48 kuondoka. Utamtuma mama mzima abishe hodi kwenye mlango uliofungwa?

Hata sisi wa Goma tuko pale pale. Uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025, benki nazo zikafunga, na dosye inataka relevé ya benki, karatasi ya kuonyesha pesa iliyoingia na kutoka. Mama yangu pesa yake iko kwenye simu na kwenye pindo la kikwembe.

Wakati wa volkano, Januari 2002, tulikimbilia Gisenyi. Siku chache tu baadaye alirudi peke yake akikanyaga mawe yenye moto bado, soli za viatu zikayeyuka, akaenda kuangalia kama cherehani yake imebaki. Nyumba haikuwepo. Cherehani alikuwa ameiacha kwa jirani wa upande mwingine, imepona. Uniformi za nusu ya watoto wa mtaa wetu mwaka ule zilitoka kwenye ile cherehani, wengine hawakumlipa mpaka leo na hajawadai. Niliolewa na gauni alilolishona yeye.

Wa Lubumbashi, Montréal

Huku Kanada mambo ni mepesi zaidi, kuna super visa ya wazazi. Mama anaweza kukaa miaka mitano bila kutoka. Bima iwe ya dola 100,000, na kipato chako kifikie kiwango. Mama yangu yuko hapa tangu mwaka jana. Alipika munkoyo, kinywaji cha mizizi, ya kulea familia nzima baba alipokosa kazi mgodini, aliuza soko la Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi, na sasa anatafuta mizizi yake Montréal yote.

Baba Mapacha, Bruxelles

Ndugu, tunafurahi kwa mama. Lakini mwenzetu yuko Liège, hayuko Montréal. Na wewe dada, ya Kigali nimekubali, nilikuwa nasema ya zamani. Kinachoniuma ni kwamba wakubwa wanagombana na wanaokosa njia ni wamama wetu. Vita hii ni lini itaisha, miaka thelathini sasa?

Dada wa Himbi, Namur

Amina, yaya. Tuache siasa, tutagombana tena kama Desemba. Kuhusu 1952 na 1954, hakuna mtu aliyeshinda kwa ADN hapa?

Mtoto wa Kadutu, Liège

Asanteni wote. Jana usiku nilimweleza mama kwa vokali (ujumbe wa sauti) kwamba wamekataa. Nilimfafanulia na prise en charge, kwamba nilisaini komini nitamlisha, nitamlaza, nitamtibu akiugua, siku zote atakazokuwa hapa. Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza: "Hiyo karatasi, mimi wakati wenu niliisaini wapi?"

Mtoto wetu wa pili anazaliwa mwezi wa tisa. Mama anasema sambaza zake zimeshakauka, amezifunga kwenye gazeti, ananisubiri nimwambie tarehe. Kesho saa mbili na nusu niko komini. Mwenye jibu la ADN aniandikie hata usiku.