Nani kawaambia roki ni ya wazungu? WITCH walikuwa hapo Zambia tu!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Jana usiku msikilizaji kampigia simu mtangazaji wa redio fulani, akaomba roki ya Kiafrika. Jamaa akacheka hewani! Eti "hiyo ni miziki ya wazungu, sisi hatujawahi kuwa nayo." Akaweka tangazo la sabuni, yakaishia hapo.

Hatujawahi? Ukivuka Tunduma tu uko Zambia, na kule miaka ya 70 vijana wa ukanda wa shaba walipiga roki nzito mpaka ikapata jina lake yenyewe, Zamrock. Bendi ya WITCH ndio walikuwa vinara. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda alijulikana kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger, yule mwimbaji wa bendi ya Kiingereza ya Rolling Stones. Gitaa linakwaruza na kunguruma, ngoma zinakimbizana nalo, huwezi kukaa kitini. Rais Kaunda alishaagiza redio ipige asilimia 95 ya muziki wa nyumbani, kwa hiyo vijana walikuwa na pa kusikika. Tafuteni albamu yao Lazy Bones!! ya 1975 kabla hamjanibishia.

Na kinachoniuma kuliko yote ni hawa wanaosema "walisambaratika kwa ulevi na majivuno kama bendi zote." Acheni! Katikati ya miaka ile bei ya shaba iliporomoka, na Zambia ilikuwa inakula kwa shaba. Mtu hana hela ya unga, santuri ataitoa wapi? Nchi jirani zinawaka vita, usiku watu wanazuiwa kutoka, dansi la kulipia litapigwa saa ngapi? Jagari akaondoka, akaenda kufundisha. Waliobaki wakageukia disko, bendi ikazimika. Halafu UKIMWI ukapita. Wenzake wote wa kikosi kile wamezikwa, kabaki yeye. Mtu wa kipaji kile alikuja kuishia machimboni kutafuta vito!

Waliomkumbuka ni nani? Wageni. Wao ndio waliozitoa upya zile albamu, na ni Ulaya na Marekani alikoenda kujaza kumbi uzeeni. Mwaka 2023 katoa albamu mpya, Zango. Huku kwetu majirani, kimya.

Mtangazaji, najua unapita humu. Kipindi kijacho piga WITCH, wimbo mzima, usiukate. Na yule msikilizaji uliyemcheka, muombe radhi hewani palepale ulipomcheka.