Tupeane uzoefu: uliyewahi kwenda kutafuta visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe) mtoni, ulirudi na nini?

Mama Kibada

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tulikuwa watu kumi na mmoja, kikundi chetu cha matembezi cha hapa Dar. Tumezoea Pugu na Kazimzumbwi, tukichangamka sana ni Uluguru. Safari hii mwenzetu mmoja, mwalimu wa jiografia, ndiye aliyetuingiza mkenge. Alisema miamba ya upande wa Kidugalo na Ngerengere ina chokaa iliyojitandika chini ya bahari zama za Jurasiki, enzi za dinosaria, bahari ilipokuwa imeingia bara mpaka huko. "Kuna chaza wamegeuka mawe, mnawakanyaga tu," akatuambia. Basi tukapanda SGR alfajiri, tukashuka Ngerengere, tukachukua bodaboda hadi kando ya mto. (Ngerengere kuna kambi ya jeshi. Anayetaka kwenda na droni aiache kwao.)

Kuanzia saa mbili mpaka saa sita hatukupata kitu. Kila mtu anaokota jiwe, anakimbia kwa mwalimu, mwalimu analigeuza mara moja na kusema "jiwe". Mpaka neno lenyewe likawa utani. Mimi niliokota kumi na nne, yote majiwe.

Aliyepata ni fundi cherehani wetu, tena alikuwa ameshakata tamaa, amekaa anaosha miguu. Mbele ya kidole gumba chake kulikuwa na mwamba umetokeza majini, na juu yake mistari iliyopindana kama mapindo ya marinda. Yeye akaona marinda kwa sababu ndiyo kazi yake, sisi wote tulikuwa tumepita hapo tukaona jiwe. Mwalimu akapiga magoti, akamwagia maji, akasugua na mswaki. Gamba la chaza, pana kama kiganja cha mtoto, na pembeni yake vipande vingine vya magamba vimebanana kama karanga kwenye kashata.

Sasa ndipo ugomvi ulipoanza. Tulikuwa na viroba, nyundo na patasi. Mwalimu akasema hakuna kugonga: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kuchimba na kuondoa mabaki ya kale bila kibali. Mwenzetu mmoja, nitamwita Bwana Kiroba, akawaka. "Yaani jiwe la mtoni nalo lina serikali?" Ilibidi tuweke kalamu pembeni ya gamba ili ukubwa uonekane, tukapiga picha, tukarudi. Bwana Kiroba hakuongea na mtu mpaka Stesheni.

Nataka kusikia na wengine. Uliokota nini, ukakifanya nini?

Mtoto wa Kariakoo

Nipo siti ya mbele na kahawa yangu.

Dereva Mstaafu

Mama Kibada, mwalimu wenu ni mtu wa kushukuriwa.

Mimi si msomi, nimeendesha Land Cruiser za kukodi kwa miaka mingi kutoka Dar kwenda mikoani. Kuna mwaka nilipelekea watafiti mizigo huko Songwe, upande wa Galula. Nilidhani nabeba vyombo vya maana, kumbe nusu ya mzigo ni mifuko ya plasta na magunia matupu! Nikasema hawa wanajenga dari porini.

Nilivyoona wanavyofanya kazi nikanyamaza. Mfupa umelala kwenye ukuta wa korongo la mto. Hawauvuti. Wanakwangua udongo pembeni kwa brashi na kisu kidogo, siku nzima mtu anasogea shubiri moja. Mfupa ukisimama peke yake juu ya kichuguu cha udongo, wanaufunika karatasi iliyolowa, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, tabaka juu ya tabaka, kama anavyofungwa mtu aliyevunjika mguu. Ikikauka wanapindua kwa pamoja, kwa kuhesabu moja mbili tatu, kisha wanafunga upande wa chini. Maji ya plasta ndiyo yaliyotutoa jasho, maana msimu wenyewe ni wa kiangazi na mto ni mchanga mtupu. Nilibeba madumu mpaka mgongo ukalia.

Kingine nilichojifunza: ukitaka kujua kama ni mfupa au jiwe, gusa kwa ncha ya ulimi. Mfupa uliogeuka jiwe una vitundu, unanata ulimini. Jiwe la kawaida halinati. Nilijaribu, nikaumwa tumbo, lakini hilo lilikuwa dagaa wa jana yake.

Huko huko, kwenye korongo la mto Mtuka, ndiko alikotoka yule dinosaria waliyempa jina la Kiswahili, Mnyamawamtuka moyowamkia. Mfupa wa kwanza ulionekana 2004, wakachimba kiangazi baada ya kiangazi mpaka 2008, jina likatangazwa 2019. Moyowamkia ni kwa sababu pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Hesabuni wenyewe: miaka kumi na mitano kutoka korongoni mpaka kupata jina. Bwana Kiroba angeweza kumaliza hiyo kazi kwa nyundo kabla ya chakula cha mchana.

Mjukuu wa Lindi

Shikamoo Dereva Mstaafu, umenikumbusha mbali.

Kwetu ni Lindi ndani, ingawa mimi nimezaliwa Temeke. Marehemu babu alikuwa akisikia watu wanasema "mjusi wa Tendaguru", yaani dinosaria wa kile kilima cha kwetu, anacheka, anasema mjusi gani wa kubebwa na kijiji kizima. Babu yake alikuwa mmoja wa wapagazi. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, na ilikuwa mara tu baada ya Vita vya Majimaji, watu bado wana njaa na makaburi mabichi. Hakuna barabara. Mifupa ilikatwa vipande, ikafungwa, ikabebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Zaidi ya tani 200 ziliondoka hivyo. Huyo "mjusi" mkubwa amesimama Berlin tangu 1937, kimo chake ni zaidi ya mita 13, na wabunge wetu wamemuulizia mara nyingi arudi au angalau tupate mgao.

Babu alisimulia jambo moja tu kuhusu mzigo wenyewe: hauna harufu. Walizoea kubeba samaki wakavu na mpira wa porini, vitu vinavyonuka njia nzima. Mifupa hii ilikuwa mizito na haina harufu ya kitu chochote, na hicho ndicho kilichowatia hofu.

Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa na jicho kali la kutambua mfupa na mkono mwepesi wa kuutoa, na Waingereza walipokuja kuchimba miaka ya 1920 walimtumia tena. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Shuleni sikuwahi kufundishwa jina hilo hata siku moja. La Janensch, mmoja wa Wajerumani walioongoza uchimbaji, nilifundishwa.

Mimi mwenyewe nilikwenda Tendaguru mara moja. Niliona kilima, nyasi ndefu, na mbung'o. Nikarudi na vidonda vya mbung'o.

Dada wa Tampa

Naleta ya ughaibuni kidogo. Nilisoma Florida, na Peace River huko watu wanakwenda kuchekecha meno ya papa kama sisi tunavyokwenda Coco Beach kula mihogo. Unakodi mtumbwi, unaingia majini mpaka kiunoni, unachota changarawe kwa sepetu, unamwaga kwenye chekeche, unatikisa. Meno meusi yanabaki. Madogo unayapata hata kama hujui kitu. Nililia siku nilipopata kipande cha jino la megalodoni, yule papa mkubwa aliyekwisha kutoweka. Kilikuwa nusu tu, na kingo zake bado zina misumeno, nikapitisha kidole nikachanika.

Sheria yao kule: meno ya papa unachukua bila kibali, lakini mifupa ya wanyama wengine wenye uti wa mgongo lazima uwe na kibali cha jimbo, na kibali chenyewe ni rahisi kupata. Mama Kibada, siwaambii muige. Ila nilikuwa najiuliza, kama ofisi zetu zingekuwa na karatasi nyepesi kama ile kwa watu wa matembezi, Bwana Kiroba angenuna?

Kule pia kuna mamba wao. Unachekecha huku unageuza shingo.

Mzee wa Ukonga

Yangu fupi na ya aibu. Niliokota mfupa mzito kando ya Ruvu, nikauweka sebuleni juu ya kabati miaka miwili, wageni wanaoneshwa "dinosaria wangu". Akaja shemeji anayefanya kazi machinjioni. Akautazama akiwa bado mlangoni, hata hajavua viatu, akasema, "Shemeji, paja la ng'ombe hili, mbona limekaa na picha za harusi?"

Mtoto wa Kariakoo

Kahawa imenitoka puani.

Dereva Mstaafu

Mzee wa Ukonga, ungegusa kwa ulimi.

Mzee wa Ukonga

Baada ya kusikia machinjioni? Hapana.

Mama Kibada

Nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda ananiuliza kama niko salama. Mjukuu wa Lindi, hiyo ya harufu sijaacha kuifikiria.

Sasa mrejesho. Leo asubuhi Bwana Kiroba ametuma picha kundini kwetu. Kumbe siku ile aliondoka na jiwe moja ndani ya begi la chakula, chini ya hotipoti. Anasema ana kisukuku nyumbani, tuliokuwa waoga tukome. Lina alama za konokono kabisa, duara ndani ya duara. Mwalimu akamwomba alipige picha kwa chini. Amelipiga. Upande wa chini ni saruji, na ile duara ni alama ya mdomo wa bomba.

Amejitoa kundini saa nne kasoro.