Mjadala: Hospitali zilazimishwe kuacha karatasi kabisa?

Mleta mada

Wakuu, siku hizi mtaalamu wa afya akishika kipaza sauti lazima atamke "kidijitali". Sawa. Ila swali langu ni dogo: je, ni busara kuilazimisha hospitali iachane na karatasi moja kwa moja? Mimi nasema hapana, na si kwa kuogopa kompyuta.

Mwaka 2013, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kijana wa miaka 16 alimezeshwa vidonge 38 na nusu vya antibiotiki badala ya kimoja. Daktari alikusudia miligramu 160. Skrini ilikuwa imewekwa kwenye miligramu kwa kila kilo ya uzito, hakuliona hilo, na mfumo ukazidisha 160 kwa kilo za mgonjwa. Onyo lilitokea. Akalipita, maana maonyo hutokea kutwa nzima na mengi hayana maana. Mfamasia naye akalipita. Roboti ikafungasha. Muuguzi alipouona ule mrundo alishtuka, akasoma msimbo kwa skana, na mashine ikamwambia ndiyo idadi iliyoagizwa. Akampa. Kijana alipata degedege, bahati nzuri akapona, na Robert Wachter, daktari wa hapohapo, akakiandika kisa chote wazi.

Kinachonisumbua ni yule muuguzi. Macho yake yalimwambia ukweli, akaiamini skana.

Mtu wa mifumo

Mleta mada, kisa ni cha kweli, lakini jiulize umekijuaje kwa undani huo. Ni kwa sababu mfumo uliandika nani alibonyeza nini na saa ngapi. Mwandiko wa daktari uliosomwa vibaya umedhuru watu ambao hatutawahesabu kamwe, kwa kuwa karatasi haina kumbukumbu ya aliyeisoma.

Na siri, je? Estonia ina rekodi ya afya ya kitaifa tangu 2008, na mgonjwa anaweza kuingia akaona ni mhudumu gani amefungua taarifa zake. Faili likiwa kabatini, nani anajua limefunguliwa na nani?

Halafu tusisahau kazi inayopungua. Uswidi walifanya jaribio la picha za matiti kwa wanawake zaidi ya 80,000, wakitumia akili mnemba kusaidia kuzisoma. Matokeo ya awali ya 2023 yalionyesha kazi ya madaktari wa kusoma picha imepungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikuwa chache kuliko za usomaji wa kawaida. Huo mzigo mnataka urudi kwa nani?

Muuguzi wa zamu

Mtu wa mifumo, kazi ilipungua kwa msoma picha. Wodini imeongezeka. Utafiti wa Marekani wa 2016 ulikuta kwamba kwa kila saa daktari anayokaa na wagonjwa, karibu saa mbili nyingine zinaliwa na kompyuta na kazi za mezani. Na hao ni madaktari. Sisi hatukupimwa pale.

Mfumo ninaoutumia mimi unajua kila bandeji iliyolipiwa. Nikitaka kuona presha ya mgonjwa ilivyopanda na kushuka kwa siku tatu, nafungua kurasa tano. Hapo unajua kabisa ulitengenezwa kwa ajili ya mhasibu. Na nywila yangu lazima iishe muda wake usiku wa manane, sijui kwa nini, haijawahi kuisha mchana.

Kuhusu karatasi: Mei 2017 virusi vya kompyuta vya WannaCry vilipoikumba NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, maelfu ya miadi yalifutwa na watu wakarudi kwenye kalamu. Kwa hiyo fomu ziwepo, na wafanyakazi wazizoee. Kwangu hilo halina mjadala.

Mleta mada

Mtu wa mifumo, hoja ya kumbukumbu nakupa. Lakini kumbukumbu inasaidia baada ya mtu kuumia, na inanasa kosa lenye kidole nyuma yake. Yapo makosa yasiyo na kidole. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichunguza programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilipima uhitaji kwa gharama za matibabu. Fedha zilizokuwa zimetumika kuwatibu watu weusi zilikuwa kidogo, basi ikawaona wana nafuu wakati wameugua zaidi ya weupe iliowapa alama zilezile. Hakuna aliyebonyeza vibaya, na hakuna onyo lililotokea.

Basi niliache la karatasi, nikuulize jingine. Kwenye mifumo mnayotengeneza, muuguzi anayeona kitu hakiko sawa ana kitufe cha kusimamisha?

Mtu wa mifumo

Kipo. Ukikibonyeza unajaza sababu, halafu unasubiri msimamizi athibitishe.

Muuguzi wa zamu

Na cha kuendelea?

Mtu wa mifumo

Hicho hakiulizi kitu.

Muuguzi wa zamu

Mimi saa tisa usiku niko na wagonjwa 20. Nibonyeze kipi?