Tupeane uzoefu: Kwa nini kahawa ileile ina bei tofauti katika mikahawa ya eneo moja?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo limenikaa kichwani kwa muda mrefu. Karibu na ofisi ninayofanyia kazi ipo mikahawa mitano, na kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kahawa ya maziwa ya kikombe cha kati ina bei tano tofauti, na ile ya juu inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya chini. Kwa miaka miwili niliamini kwamba mwenye bei ya juu ana kahawa bora na kwamba mwenye bei ya chini anapunguza kitu ambacho sisi wateja hatukioni. Mwezi uliopita nilifika mapema kwenye mkahawa wa bei ya juu nikakuta mzigo unashushwa, kisha gari hilohilo likasogea mtaa wa pili na kushusha mzigo kwenye ule wa bei ya chini. Mifuko ilikuwa ileile, ya mkaangaji mmoja, na hata tarehe ya kukaangwa iliyopigwa muhuri ilikuwa moja.

Basi kama kahawa ni ileile, tunacholipia zaidi ni kitu gani? Naomba hasa wale waliowahi kufanya kazi huko, kumiliki au kusambaza bidhaa watueleze walichokiona kwa macho yao, maana dhana tunazo za kutosha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, nimesimama nyuma ya mashine ya kahawa kwa miaka sita katika mikahawa mitatu ya eneo moja, na ulichokiona asubuhi ile ndicho nilichokikuta. Kikombe cha dozi mbili hula takriban gramu 18 za kahawa iliyosagwa, kwa hiyo kilo moja ingepaswa kutoa vikombe 55. Katika mkahawa wa kwanza havikutoka 55 hata siku moja. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, nilipima unga kwenye mizani, nikaukamua, nikaonja, nikamwaga, nikakaza kinu cha kusagia kidogo, nikarudia, na mara nyingi vikombe vitatu au vinne viliishia kwenye sinki kabla mteja wa kwanza hajaingia. Mkahawa wa pili haukufanya hivyo. Kinu kilirekebishwa siku ya Jumatatu na kubaki hivyo mpaka Jumamosi.

Lakini hata hasara hiyo haifikii tofauti ya bei unayoisema, wala bei ya kahawa mbichi katika soko la dunia haiielezi. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazili mwezi Julai 2021, bei ya arabika katika soko la New York ilipanda sana, na miaka michache baadaye ikapanda tena hata kuvuka dola 4 kwa ratili mwezi Februari 2025. Mbegu hupoteza kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake zinapokaangwa, lakini ukipiga hesabu kwa bei hiyo ya dola 4 utaona kwamba kahawa mbichi iliyoingia kwenye kikombe kimoja haifiki senti 20 za dola. Tena kupanda huko kunamfikia kila mkahawa kwa wakati mmoja na kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo kunaweza kueleza kwa nini bei zote zimepanda, lakini hakuwezi kueleza kwa nini jirani wawili wanatofautiana.

Nilichokiona mimi ni mikono. Mkahawa wa kwanza ulituweka watu wawili hata katika saa zile za mchana ambazo wateja ni wachache, ili asisubiri mtu. Wa tatu ulikuwa na mhudumu mmoja aliyepokea fedha, akakamua kahawa, akafuta meza na kuosha vyombo, na mteja alilipa kidogo lakini alisubiri.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilimiliki mkahawa kwa miaka minane, na wateja waliniita mwizi mara nyingi, kwa hiyo nashukuru kwamba ndugu yetu ameuliza kwa moyo safi.

Fremu yangu ilikuwa kwenye kona, hatua chache kutoka mlango wa kituo cha treni. Kabla ya kuuza kikombe hata kimoja nililipa kilemba kwa mpangaji aliyekuwa anatoka, amana ya miezi sita kwa mwenye nyumba, na gharama ya kuingiza umeme wenye nguvu ya kutosha mashine. Mwaka wa kwanza niliweka daftari kando ya kikapu cha fedha na kuandika kila kikombe kilikuwa kinamlipa nani. Vikombe 40 vya kwanza vya kila siku vilikuwa vya mwenye nyumba. Vilivyofuata vilikuwa vya mishahara, na mpaka saa nane mchana mimi mwenyewe nilikuwa sijapata kitu. Rafiki yangu mwenye mkahawa mtaa wa nyuma, ambako mtu hapiti isipokuwa amekusudia kwenda, alimaliza kodi ya pango kwa vikombe 15.

Jambo la pili ni viti, na hili wateja wengi hawalijui. Nilikuwa na viti 20 na nilifungua saa 10 kwa siku, maana yake niliuza saa 200 za kukaa. Kila mteja akikaa nusu saa, viti hivyo vinaweza kupokea watu 400, lakini akikaa saa mbili vinapokea watu 100 tu, ilhali kodi, umeme na mishahara havibadiliki. Mkahawa wenye kaunta ya kusimama na mkahawa wenye makochi, soketi na intaneti huenda vinakamua kahawa moja, lakini vinauza bidhaa mbili tofauti, na mimi nilichelewa miaka mitatu kuliona hilo. Nilikuwa natoza bei ya kaunta huku nikiuza makochi.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mchangiaji wa pili, naheshimu uzoefu wako, lakini naomba niipindue hoja yako ya kodi kidogo. Mwanauchumi wa Uingereza David Ricardo alieleza mwaka 1817, akizungumzia nafaka, kwamba nafaka haiwi ghali kwa sababu kodi ya pango la shamba inalipwa, bali kodi hulipwa kwa sababu nafaka ni ghali. Naona kona yako ya kituoni ni hivyohivyo. Mwenye nyumba aliweza kudai kodi kubwa kwa kuwa alijua watu wenye haraka ya treni watalipa zaidi bila kuzunguka kutafuta bei nafuu. Nimewahi kuuza ndani ya jengo la hospitali ambako nafasi ilitolewa kwa zabuni, na sehemu ya kila mauzo ilikwenda kwa wenye jengo. Sote tulioshindana tulianza kwa kuhesabu wagonjwa na ndugu zao wasio na pa kwenda kwingine, ndipo tukaandika kiasi tulichoweza kulipa.

Mchangiaji wa pili

Nakubali, ndugu yangu, na umenifungua macho kuhusu siku niliyopanga fremu ile. Hata hivyo, mkataba wangu ulipohuishwa kodi ilipanda kwa theluthi, na wapitaji hawakuongezeka hata mmoja, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa ameona foleni yangu ya asubuhi. Niliongeza bei kidogo, sehemu ya wateja wakahamia mtaa wa nyuma, na baada ya mwaka mmoja na nusu nikafunga. Wateja ndio walioweka mpaka wa bei, kama unavyosema, na kodi ilinisukuma hadi kwenye mpaka huo na kunivusha.

Mchangiaji wa nne

Nitasema kwa ufupi. Niliishi Italia kikazi, na huko mikahawa mingi ina bei mbili za kahawa moja: ya kunywa ukiwa umesimama kaunta na ya kuletewa mezani. Kwenye viwanja vinavyojaa watalii, tofauti ya bei hizo ni kubwa mno. Kwingine bei ya kiti imefichwa ndani ya kikombe, na aliyesimama anamlipia aliyekaa.

Mchangiaji wa tano

Mimi ni yule mteja wa saa tatu kwa kikombe kimoja, na sikuwahi kufikiri kwamba natumia kitu cha mtu. Mkahawa nilioupenda ulipoondoa soketi za ukutani niliudhika na kuandika malalamiko. Kwa hesabu ya viti 20 niliyoisoma hapa, nimekalia nafasi ya watu sita kila asubuhi kwa karibu mwaka mzima. Kesho nitakwenda kuomba radhi, na nikikaa zaidi ya saa moja nitaagiza tena.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Jana nilikwenda kwenye mkahawa wa bei ya chini nikamwomba mama mwenye mkahawa dakika chache. Mkahawa una kaunta, viti vinne na yeye mwenyewe mchana kutwa. Nilipomuuliza kuhusu kodi alicheka, akasema nyumba ni ya marehemu mumewe, kwa hiyo hamlipi mtu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mwuza simu amekuja mara mbili kutaka kuipanga fremu ile, na kwamba kiasi alichotaja kinazidi kile anachobakiwa nacho yeye kila mwezi baada ya kusimama tangu alfajiri.

Naomba basi wale waliowahi kufanyia biashara kwenye nyumba zao wenyewe watueleze: mlipopanga bei, mliihesabuje kodi ambayo hamkuilipa?