Bandari ya Toco: wajenge au waache? (Trinidad na Tobago)

MkweWaNgambo
Habari zenu. Mimi mtu wa Tanga, nimeolewa Trinidad, huu mwaka wa nne. Naleta hili kwenu kwa sababu hapa nyumbani mume wangu na baba mkwe hawasemezani kwa ajili yake.

Trinidad na Tobago ni nchi moja ya Karibi, visiwa viwili. Ukisimama Toco, ncha ya kaskazini-mashariki ya Trinidad, siku ya anga safi Tobago unaiona kwa macho. Lakini boti haitoki huko. Inatoka Port of Spain, magharibi, inachomoka kwenye mlango wa bahari wanaouita Bocas, halafu inageuka mashariki na kuambaa pwani nzima ya kaskazini huku upepo na mkondo vinaipiga usoni. Saa tatu na nusu hivi mpaka Scarborough, bandari ya Tobago, bahari ikichafuka zaidi.

Miaka nenda rudi kuna hoja ya kujenga bandari Toco ili safari ikatwe. Baba mkwe anaitaka sana. Mume hataki: barabara ya kule ni nyembamba, kona tupu, na pwani ile ya Grande Riviere na Matura ndiko wanakopanda kutaga wale kasa wakubwa wenye mgongo wa ngozi. Mimi naona waache ilivyo. Nauli yenyewe ndogo, kinachobaki serikali inabeba, na wazee hawalipi. Watobago wanadeka tu, kama Wapemba.

BintiWete
Nilikuwa nasoma vizuri mpaka nikafika mstari wa mwisho. Wapemba wametajwa kwa lipi hapo?

Kidagaa_Mwanza
Dada kaomba ushauri wa bandari, ataondoka na talaka ya taifa zima 😂

MkweWaNgambo
@BintiWete utani huo dada, Tanga na Pemba si majirani? Nilimaanisha tu kwamba kisiwa kidogo kila siku kinalalamikia kikubwa.

BintiWete
Ujirani haukupi ruhusa. Mie nimepanda boti ya usiku na mtoto wa miezi saba mapajani, mkondo wa Nungwi unatunyanyua na kutubwaga, mifuko ya kutapikia imekwisha, mama wa watu pembeni yangu anatapikia ushungi wake. Asubuhi nashuka Mkoani miguu haina nguvu, halafu niipande gari mpaka Wete. Nikisema nimechoka, nadeka?

Baharia_Mstaafu
Nimepita Port of Spain mara kadhaa na meli za mizigo, niseme kidogo. Dada wa Tanga, njia umeieleza sawasawa, lakini hilo la kudeka umeteleza. Tobago ina watu kama elfu sitini, na karibu kila kilichomo dukani, saruji, unga, mitungi ya gesi, kimevushwa kwa meli. Mwaka 2017 meli yao ya mizigo, Superfast Galicia, iliondoka mkataba ulipokwisha na mbadala haukuwa tayari. Wakaja kukodi Ocean Flower 2, mkataba ukavunjwa kabla haijafanya kazi. Malori yakalala foleni. Watalii wakaghairi. 2018 ikanunuliwa Galleons Passage kutoka China, nayo ikapitia Cuba kwanza kufanyiwa marekebisho, na magazeti yao yakapata la kuandika. Mtu aliyeishi mwaka ule akilalamika, mwache.

Toco yenyewe sina hakika nayo. Ile kaskazini-mashariki inapigwa na bahari kuu moja kwa moja, bila ukuta mkubwa wa kuvunja mawimbi hufungi meli pale. Utapunguza saa za baharini uongeze saa za barabarani, maana abiria wengi wanakaa Port of Spain na miji ya jirani. Baba mkwe wako anakaa wapi, kwani?

Mjanja_wa_Darajani
Dawa ni moja tu, wape watu binafsi. Mbona Dar na Unguja tumeacha kulia? Azam wanaleta boti mpya bila kusubiri bajeti ya mtu. Na mnajua boti zao za Kilimanjaro zimeundwa Hobart, kule Tasmania? Boti ya hao Watrinidad, Buccoo Reef, imetoka mji huohuo. Chuma ni kilekile, tofauti ni mwenye mali.

MwanaLikoni
Ami, weka breki. Dar na Unguja kuna watalii, wafanyabiashara, watu wa semina, kila siku boti imejaa. Utamlipisha Mtobago bei ya mtalii? Sisi Likoni anayevuka kwa miguu halipi hata senti, na hakuna aliyesema Wadigo wanadeka. Feri ni daraja. Daraja ulishaliona linatafuta faida?

Mjanja_wa_Darajani
Likoni! Mfano wenyewe huo! Feri ambayo watu wanaisoma dua kabla ya kupanda.

MwanaLikoni
Tunaisoma kwa sababu tunakumbuka feri ya Mtongwe 1994, walikufa watu zaidi ya 270. Si la kuchekea hilo.

Mjanja_wa_Darajani
Sijacheka. Nasema serikali ikiendesha, hakuna wa kuulizwa.

BintiWete
Na Spice Islander ilikuwa ya serikali? Nambie. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mtu binafsi, ikajazwa watu na magunia kupita kiasi, na wa kuulizwa tunamtafuta mpaka leo.

Kidagaa_Mwanza
Lakini na abiria nao, meli mnaiona imejaa bado mnapanda…

BintiWete
Kidagaa, ndani ya ile meli nilikuwa na shangazi na wanawe wawili. Idi ilikuwa imekwisha, watu wanarudi makwao. Wangelala gatini mpaka lini? Usiniandikie tena.

Kidagaa_Mwanza
Pole sana dada. Nimekosa. Kwetu MV Bukoba nayo tuliambiwa hivyohivyo, nilipaswa kujua.

Baharia_Mstaafu
Hawa wa Karibi wanayo yao. St Kitts na Nevis, nchi moja visiwa viwili vilevile, tarehe 1 Agosti 1970 feri yao Christena ilizama ikiwa na abiria mara mbili ya kibali chake. Walikufa zaidi ya 230. Sikukuu, watu wanakwenda kwao. Na ilikuwa ya serikali, Mjanja, kwa hiyo hapo mmetoka sare.

MkweWaNgambo
Jamani, bandari…

Mjanja_wa_Darajani
Bandari tunaijia. Guadeloupe, Dominica, Martinique na St Lucia zinaunganishwa na boti za kampuni ya binafsi, L'Express des Îles, na mle kuna nchi huru na ardhi ya Ufaransa, pasipoti zinagongwa. Wenzao wanaosema Kiingereza wana jumuiya yao, CARICOM, tangu 1973 na ukitoka Trinidad kwenda Barbados upande ndege.

Baharia_Mstaafu
Shekhe, Barbados imekaa peke yake mashariki, kwenye bahari wazi, zaidi ya kilomita 150 kutoka St Vincent. Zile za Wafaransa zimepangana kama shanga. Na meli za pamoja walikuwa nazo: Kanada iliwapa mbili mwaka 1961, Federal Palm na Federal Maple. Zilikuwa za Shirikisho la West Indies, visiwa vya Waingereza vilivyoungana kuwa nchi moja. Shirikisho lenyewe likafa 1962, meli zikawa na umri mrefu kuliko nchi. Ndege za pamoja nazo, LIAT ile ya zamani, zikaanguka 2020.

MwanaLikoni
Meli kuishi kuliko nchi 😂😂 hiyo nimeibeba.

MkweWaNgambo
Baharia, uliuliza baba mkwe anakaa wapi. Anakaa Sangre Grande, njia ya kwenda Toco. Na ana shamba karibu na barabara.

Baharia_Mstaafu
Ahaa.

MwanaLikoni
Kumbe kasa hana habari nao, ana habari na fidia!

MkweWaNgambo
Msimseme mkwe wangu. Shamba la urithi lile. Na BintiWete, lile neno nimelifuta moyoni ingawa hapa halifutiki. Unisamehe.

BintiWete
Limepita. Ila mwambie mumeo kasa asimfanye kisingizio, aseme tu kwamba hataki kuendesha gari kona zile.

Kidagaa_Mwanza
Naomba kuuliza kwa adabu zote. Kama hoja ni kukata safari, kwa nini boti ya Pemba isitoke Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, badala ya Malindi ya mjini?

Mjanja_wa_Darajani
Mkokotoni maji yakitoka boti inakaa mchangani.

BintiWete
Nani kakwambia? Maji hayachimbiki? Kidagaa, hilo lifungulie mada yake, na mie ndiye nitakayekuwa wa mwanzo.