Re: Baba anayumba, daktari anasema ni uzee

Coventry:
Asalaam alaykum jamaa. Baba alikuja kutoka Tanga, anaishi nasi. Tangu mwaka jana anatembea kwa hatua fupifupi, miguu ameitanua, nyayo kama zimegandia sakafuni. Ameshaanguka bafuni. GP, daktari wetu wa mtaa, kampa vidonge vya kizunguzungu, prochlorperazine, kasema ni uzee. Lakini baba mwenyewe anasema kichwa hakimzunguki hata kidogo. Nifanyeje?

Leicester:
Wa alaykum salaam kaka, pole kwa kuuguza. Kazi yangu ni fiziotherapia, na wanaoyumba ndio wagonjwa wangu wa kila siku.

Hayo maneno ya baba ndiyo ya kuanzia. Mtu asiyeona kizunguzungu ila miguu haimtii, mara nyingi shida haiko sikioni, kwenye kiungo cha kushika usawa wa mwili. Iko kwenye ubongo, uti wa mgongo au neva za miguu, na vidonge hivyo si vya kazi hiyo. Vinafaa siku chache za kizunguzungu kikali na kichefuchefu. Mzee akivinywa miezi, vyenyewe vinaweza kumletea mwendo mzito unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Msivikatishe wenyewe, lakini mwombeni daktari avipitie upya wiki hii hii.

Je, mkojo unamsubiri? Anasahau kuliko zamani? Hatua za kugandia, mkojo usiongoja na usahaulifu vikikutana, kuna ugonjwa wa maji kujaa kwenye vyumba vya ubongo, ambao madaktari Hakim na Adams waliueleza mwaka 1965. Nakazania huo kwa sababu una tiba, na wazee wengi hukaa nao ukiitwa uzee. Picha ya ubongo, MRI au CT, huonyesha vyumba vimepanuka. Kisha mwendo hupimwa, hutolewa kama mililita 30 hadi 50 za maji ya uti wa mgongo, mwendo hupimwa tena. Akionekana ana nafuu, madaktari wa upasuaji wanaweza kumwekea mrija wa kuyapeleka maji hayo tumboni. Huenda baba hana ugonjwa huo, kwa hiyo na mengine yaangaliwe. Kama ana sukari na ametumia metformin miaka mingi, apimwe vitamini B12, kwani dawa hiyo huishusha, na ikipungua sana neva huharibika. Na presha ipimwe amelala, halafu amesimama.

Sasa kaka, habari za mkojo baba hatakwambia wewe, na mbele ya mkeo ndiyo kabisa. Usiende kuwa mkalimani wake. Mnapopanga miadi ombeni mkalimani wa NHS, huduma ya afya ya serikali, ni bure, na mzee atafunguka zaidi kwa mtu asiye mwanawe. Wewe kazi yako iwe video ya simu: akiinuka kitini, akigeuka, akipita mlangoni. Dakika 10 za GP ni chache, na video hiyo itamwonyesha mengi kuliko maelezo.

Bafuni alianguka akitawadha? Wazee wetu huinua mguu kwenye sinki huku wamesimama kwa mmoja, juu ya vigae vyenye maji. Mwekeeni kiti na birika, atawadhe amekaa, na ikibidi aswali amekaa, dini imeruhusu. Kandambili ziondoke, na mikeka inayoteleza pia. Pigieni kaunseli waje kukagua nyumba. Hapa England, akionekana anavihitaji, vyuma vya kushikilia na marekebisho madogo yasiyozidi pauni 1,000 hayalipiwi.

Reading:
Dada, samahani nadandia. Mimi dereva wa teksi, kizunguzungu kinanijia na kuondoka, miezi sasa. Nikisema, leseni si itakwenda?

Leicester:
Kaka, kama kinakuja ghafla na kukulemea, acha usukani leo, uwaarifu DVLA, wale wa leseni za udereva. Ni sheria, na ukinyamaza faini inaweza kufika pauni 1,000. Abiria wako pia wana watoto nyumbani. Mara nyingi chanzo kikipatikana na kutulizwa mtu hurudi barabarani, kwa hiyo anza kuandika: kila kikija kimekaa muda gani, ulikuwa unafanya nini, mwanga na kelele vilikukera? Kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu cha dakika 5 hadi saa 72 hata kichwa kisiume, na hugunduliwa kwa maelezo kama hayo, si kwa picha. Ila siku kikija pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au kuona vitu viwiliviwili, usingoje GP, piga 999, namba ya dharura, palepale.